Ratiba na Maji

Mgeni aliyeikimbia theluji ya Ulaya yuko Nairobi, na ametenga siku moja tu ya Lamu. Ratiba yake imenyooka: saa tatu Takwa, saa tano Siyu, saa nane samaki wa kupaka Shela.

Nahodha wa mashua huko Lamu anaisoma, anatabasamu, anatazama maji.

Takwa, mji uliohamwa karne ya 17, uko kisiwani Manda. Mashua huufikia kwa mkondo wa mikoko, tena maji yakijaa. Njia ya kwenda Siyu, kisiwani Pate, hupitia mkondo wa Mkanda, nao una tabia hiyohiyo. Bahari haina simu, wala haipokei barua pepe.

Maji yakipwa, mgeni hupata kivutio asichokilipia: tope, kaa, na mashua iliyolala ubavu. Yatajaa tena baada ya muda wa saa sita hivi. Ndege yake haitamngoja.