Safari ya Kutokwenda Popote

Kwetu Lushoto mtu hatembezi gari bila sababu. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini jaribu uone. Ukipita na gari tupu asubuhi watu watakusimamisha wakuulize nani kafariki. Gari ni la kumwahisha mgonjwa, kubeba kabichi, kumfuata bibi harusi. Mtu akikuambia ametoka tu kulizungusha kwa sababu linampendeza, utamwitikia vizuri, halafu utapita kwa mkewe kuulizia kama siku hizi analala.

Mimi ndiye mtu huyo. Nina Land Rover 109 la pikapu, toleo la Series IIA, lile lililotengenezwa kati ya 1961 na 1971, na Jumamosi ikinikuta sina msiba wala harusi nalitoa. Nililirithi kwa baba mkubwa. Katika mirathi wenzangu walipata shamba la kahawa na ng'ombe, mimi nikapewa gari pamoja na jiwe lake. Jiwe ni sehemu ya gari. Breki ya mkono iliacha kazi marehemu akiwa hai, kwa hiyo popote linapoegeshwa tairi la nyuma lazima liwekewe jiwe, na si jiwe lolote. Ni lile lenye upande mmoja bapa, ambalo husafiri mbele chini ya miguu ya abiria na limeshakwenda hadi Tanga mara nyingi kuliko baadhi ya ndugu zangu. Liliwahi kupotea tukaitana kikao cha ukoo. Likapatikana kwa jirani, limepandishwa cheo kuwa jiko.

Wanaosimulia historia ya magari haya husema kwamba Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover, alichora la kwanza mchangani, ufukweni katika kisiwa cha Anglesey, Wales, mwaka 1947. Mwaka uliofuata likaonyeshwa Amsterdam. Chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa alumini. Alumini haili kutu, ila haisahau. Ubavu wa langu umehifadhi kila nguzo ya lango, kila pembe ya fahali na kila tawi lililowahi kubishana na baba mkubwa tangu ujana wake. Mlango wa kushoto unafungwa kwa kuunyanyua, kuusukuma kwa goti na kusema bismillahi. Wilks hahusiki. Mlango huo umefunguliwa na kufungwa upya na mafundi wa vizazi vitatu, na kila fundi aliondoka na skrubu moja aliyoona imezidi.

Kuliwasha ni kazi ya nusu asubuhi kama huna haraka, na ya asubuhi nzima kama unayo. Unavuta choki. Unapiga stata, si kwa matumaini bali kwa adabu, maana si vizuri kuliendea gari na chuma mkononi bila kulisalimia kwanza. Stata ikijibu "nyee" moja na kunyamaza, unachukua hendeli, unaipenyeza kwenye tundu la bampa la mbele mpaka uisikie imeng'ata, kisha unakumbuka fundisho la marehemu: kidole gumba kikae upande mmoja na wenzake, kisizunguke chuma. Injini ya namna hii ikipiga teke kurudi nyuma, gumba lililozunguka hendeli linavunjika. Wapo wazee hapa mjini ambao huhitaji kuwauliza walifanya kazi gani ujanani. Wape mkono tu.

Hendeli nayo ikishindwa, kuna mteremko. Hapo watoto wa jirani wanakuwa wameshajipanga nyuma. Hakuna aliyewaita, ila wakisikia stata imelia mara ya pili wanaacha uji mezani. Wanasukuma kwa wimbo, gari linashika, linatoa moshi wa kutosha kufukuza mbu wa tarafa nzima, na mama zao wanatoka kuanua nguo. Ujira wa wasukumaji ni kupiga honi kwa zamu. Honi ndicho kifaa pekee cha umeme ambacho hakijawahi kugoma.

Sasa uko barabarani, na raha inaanza, nayo ni raha ya jasho. Gia ya kwanza na ya pili hazina sinkromeshi. Ukitaka kutoka ya tatu kurudi ya pili unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia klachi, unapiga resi kidogo, unakanyaga tena, ndipo unaingiza. Ukipatia, inaingia kimya na unajikuta unatabasamu peke yako. Ukikosea, wenye maduka wanatoka nje. Fimbo yenyewe unaikoroga kama ugali wa shughuli, kwa bega zima. Kando yake kuna vifimbo viwili, kimoja kirungu chake chekundu, kingine cha njano, ambavyo watoto huamini ni vya kurushia roketi. Swichi ya kupunguza taa iko sakafuni, kwa hiyo usiku mguu wa kushoto una ajira mbili. Chini ya kioo cha mbele kuna vibao viwili vya kuingiza hewa. Ukivifungua unapata harufu ya mikaratusi, ya mbao mbichi, ya maandazi, ya moshi wa kuni, na mara mojamoja unapata nyigu, ambaye naye akishaingia hajui pa kutokea.

Mwendo ni kilomita 40 kwa saa, na nawashangaa wanaouona mdogo. Kwa mwendo huo unamsalimia mtu, anakujibu, anakuuliza habari za nyumbani, unamwambia nzuri ila mtoto ana kikohozi, na dawa unatajiwa kabla hujampita.

Jumamosi ninayotaka kuisimulia nilikuwa nimedhamiria kwenda mpaka kona ya pili na kurudi. Kwenye kona ya kwanza alikuwa amesimama shangazi. Si shangazi wa damu, ni shangazi wa mtaa, ambaye mamlaka yake ni makubwa zaidi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Unakwenda wapi?"

"Siendi popote, shangazi. Natembea tu na gari."

"Alhamdulillahi," akasema, akiwa ameshakamata mlango. "Kama huna unakokwenda, nipeleke Soni."

Sikuwa na hoja ya kumjibu, na mpaka leo sijaipata. Akaingia, akaweka miguu juu ya jiwe, tukaondoka. Nyuma kulikuwa na matenga ya plamsi. Sikuyaona yakipakiwa.

Barabara ya kutoka Lushoto kushuka Mombo, kupitia Soni, haifiki kilomita 40, lakini katika umbali huo unashuka karibu mita 1,000, ukiwa na ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Baba mkubwa alikuwa akisema mlima unashukwa kwa gia uliyoupandia. Basi tukawa tunanguruma taratibu, injini ikitusaidia breki, mabasi yakitupigia honi nyuma, na shangazi akiwajibu kwa kutoa mkono dirishani kuwaonyesha wasubiri. Kazi ya indiketa ikawa imepata mtu.

Kabla ya Soni trafiki akatusimamisha. Kijana, nguo nyeupe zimenyooka.

"Umebeba nini?"

"Sijabeba kitu, afande."

Akatazama matenga. Akanitazama mimi. "Unakwenda wapi?"

"Siendi popote."

"Na huyu mama?"

"Mimi naenda Soni," akasema shangazi.

"Umemlipa?"

"Nimlipe nini, baba, na yeye hana anakokwenda?"

Afande akaamua kurudi kwenye mambo anayoyamudu. Akaomba honi, akapewa, akaruka. Akaomba indiketa, shangazi akatoa mkono. Akaomba waipa. Waipa za gari hili zina kifimbo kidogo kwa ndani, juu ya fremu ya kioo, kwamba umeme ukizingua unazisogeza kwa mkono, na umeme ulizingua zamani. Nikakisogeza kushoto, nikakisogeza kulia. Afande akainama akachungulia.

"Hii ni waipa au pepeo?"

Nilimwona akipekua sheria kichwani. Lakini Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na gari langu lilikuwa barabarani kabla yake. Nadhani alihisi ni utovu wa adabu kumwuliza mkubwa maswali. Akalizunguka, akagongagonga bodi kwa kidole, akacheka, akasema babu yake alikuwa nalo la namna hii, na hilo lilikuwa bovu zaidi. Tukaruhusiwa.

Soni shangazi hakushuka. Aliyepaswa kumpokea alikuwa ameshatangulia Mombo, na Mombo, nikaelezwa, si mbali kwa mtu asiye na anakokwenda. Wakati naelezwa hivyo gari lilikuwa linaongezeka: magunia ya karoti, godoro la mwanafunzi wa bweni, na jogoo ambaye mwenyewe hakupanda, ila alitoa maelekezo kwamba atapokelewa na mtu mwenye kofia. Jogoo akakaa katikati yetu. Kila nilipoingiza gia ya pili bila kupatia, aliwika.

Mombo kulikuwa na joto, na kulikuwa na watu wengi wenye kofia. Sitaki kuirefusha habari hiyo. Jogoo alipokelewa na watu wawili, wakaachiwa wamalizane wenyewe.

Kupanda ndiko kunakolipima gari. Sindano ya joto ilianza kulala upande wa kulia kabla hatujafika nusu, na kwenye kona yenye mfereji wa maji gari likachemsha. Rejeta ya gari lililochemsha haifunguliwi hapohapo, ukifungua inakuunguza uso. Unafungua boneti, unaweka jiwe, unakaa kando na kungoja. Mimi nilikaa. Shangazi hakukaa. Alikuwa amebakiza tenga moja la plamsi ambalo bei ya Mombo haikumridhisha, na sasa kila gari lililopanda lilikuwa linapunguza mwendo kutukwepa. Akasimama pembeni ya boneti, pale ambapo dereva lazima apite akiwa mwendo wa kutembea na dirisha wazi. Injini ilipopoa tenga lilikuwa tupu, na aliniuliza kama siwezi kulichemsha tena kidogo.

Juu ya Soni mvua ikatushika. Mvua ya Usambara haichokozi, inashuka yote. Nikawa nashika usukani kwa mikono miwili, kwa sababu usukani wa gari hili haujawahi kusikia habari za pawa, na waipa ikabidi aiendeshe shangazi. Aliifanya kazi hiyo kwa dhati. Alikuwa anafuta upande wake tu.

"Na huku kwangu, shangazi!"

"Huku kwako kuna nini cha kuona? Barabara ni ileile."

Ndipo tukaliona, au yeye ndiye aliyeliona: gari jipya jeupe, refu, limekaa na tairi mbili za nyuma kwenye mtaro. Kijana mwenyewe amesimama chini ya mwavuli na viatu vya ofisini. Alikuwa anageuza. Gari lake lina kamera ya nyuma, na kamera, kwa maelezo yake, ilimwonyesha mtaro vizuri kabisa muda wote alipokuwa akiuingia.

Nilikuwa nimengojea siku hii tangu tugawane mirathi. Nikafunga mnyororo. Nikavuta kile kifimbo chenye kirungu chekundu, kinachoingiza gia za nguvu na kuzungusha tairi zote nne, na gari lote likabadilisha sauti, likawa linaunguruma kwa chini kwa chini. Mwendo wa gia hizo ni mdogo hata kobe angetupita akiwa na haraka. Lakini mnyororo ukakaza, tope likatoa mlio, na lile gari jeupe likaja lenyewe, polepole, bila ubishi, mpaka likasimama kwenye lami na taa zake zote zikiwakawaka. Kijana alitaka kunishika mkono. Nikampa, gumba likiwa limenyooka.

"Shilingi ngapi, mzee?"

Nilikuwa nafungua mdomo kusema aende tu, binadamu ni kusaidiana, sisi tulikuwa tunatembea. Shangazi akawahi dirishani.

"Elfu thelathini."

"Mama, elfu thelathini?"

"Mvua hii, mwanangu. Na dereva ameacha safari yake."

Kijana akalipa. Shangazi akazihesabu, akazifunga kwenye pindo la khanga pamoja na za plamsi, akarudi kushika waipa. Tulifika Lushoto jioni. Nilipomshusha kwenye kona yake alichukua tenga, akapangusa kiti kwa upande wa khanga, akaniambia:

"Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Usichelewe, nimeshawaahidi watu wa Soni."

"Jumatatu gari litakuwa bovu, shangazi."

"Kwani leo lilikuwa zima?"