Kasuku na Kibao cha Ndia Kuu

Inasimuliwa kwamba upande wa mashariki wa kisiwa cha Mvita, pale Mji wa Kale unapoinamia bandari ya majahazi, palikuwa na ofisi ya wanyama yenye kazi moja tu, nayo ni kuandika miongozo: namna ya kutweka tanga, namna ya kukalafati mbao zilizoachana, namna ya kupakua shehena na kuifikisha ghalani salama. Waandishi walikuwa paka, kwa kuwa paka wa mji ule hawana mshindani katika kukaa kitako. Wasomaji walikuwa punda, kwa kuwa mzigo wote ulikuwa juu ya migongo yao. Na mkuu wa ofisi alikuwa Kunguru, ambaye hakuandika wala hakubeba, ila alikuwa na jicho lisilopita kitu king'aacho.

Siku zikaenda, ukazuka mzozo wa kamba. Ile kamba inayopandisha foromali na tanga lake, Paka wa Kibokoni aliiandika henza, kama mabaharia wanavyoiita. Paka wa Kuze, ambaye ukoo wake haujapata kupanda chombo, aliiandika kamba ya tanga. Na Paka wa Mkanyageni, mpenda maneno mazito, aliiandika ugwe mkuu. Punda mmoja aliyesoma miongozo yote mitatu alifika chomboni akitafuta kamba tatu, akaiona moja, akakaa chini kuzingoja mbili zilizobaki. Jambo lenyewe lingalimalizwa alasiri moja kwa dele la kahawa na sinia ya halua: wangaliitwa mabaharia wakaulizwa, jina likachaguliwa, likaandikwa, na aliyeshindwa akameza mate. Lakini kikao cha namna hiyo huwa na mshindi na mshindwa, na kila paka alikuwa na jamaa zake wakubwa mjini, na Kunguru hakutaka kuonekana amemwegemea yeyote. Akasema, "Jamani, mbona tunatiana kucha wenyewe kwa wenyewe? Tununueni mkaguzi. Mkaguzi hana mjomba."

Habari za mnunuzi mwenye fedha hazilali njiani. Kulipopambazuka alikwisha kufika Sungura, dalali kutoka bara, na matenga matatu kichwani. Katika tenga la kwanza alikuwamo Kaa, mwenye magando ya kukatia sentensi. Katika la pili Kinyonga, aliyesifiwa kuwa humsoma kila mwandishi na kumfuata alivyo. Na katika la tatu, ndani ya kizimba cha shaba kilichopigwa msasa hata kikatoa miali, alikuwamo Kasuku. Sungura akasimama barazani akaeleza kwamba huko Ulaya waundaji wa ndege walitambua kuwa mafundi wengi wanaosoma vitabu vyao vya matengenezo hawakuzaliwa na Kiingereza, na fundi akielewa vibaya ndege huanguka. Kwa hiyo mwaka 1986 wakatoa mwongozo wa lugha iliyopunguzwa makali, wenye maneno ya kawaida yapatayo 900, neno moja kwa maana moja, na sentensi ya kuamrisha isiyozidi maneno 20. "Na Kasuku huyu," akasema huku akikigonga kizimba kikalia, "amelelewa katika karakana hizo hizo."

Yote hayo ni kweli, na kwa ugonjwa ule ni dawa njema. Asilolisema Sungura ni kwamba wenye ndege wenyewe waliacha mlango wazi: majina ya vifaa na ya kazi za ufundi kila karakana hujiandikia yake, kwa sababu hakuna aliyeko ng'ambo awezaye kukuwekea jina la kamba yako. Ndiyo maana chini ya kizimba palikuwa na daftari tupu, lenye mistari, likingoja mkono wa mnunuzi. Kunguru aliliona, akalipindua huku na huku, halikung'aa, akaamuru litandikwe ndani ya kizimba lipokee kinyesi.

Ikapangwa siku ya majaribio. Kobe, ambaye umri wake haukuwa ukijulikana ila kwa kukisia, akainua shingo akasema, "Bwana Kunguru, mimi naona tuandike ukurasa mmoja tuutie makosa kumi tunayoyajua sisi, yale yaliyowapoteza punda. Kisha tutazame kila mkaguzi ameyaona mangapi, na ameyazua mangapi yasiyokuwapo. Na punda waitwe, watuambie ni wapi wakisoma hukwama." Baraza likacheka. Kunguru akamjibu kwa upole wa mtu anayemwonea mzee huruma: "Mzee wangu, sisi tunatafuta wa kuyaondoa makosa, nawe wataka tuyatie?" Ama punda, walikuwa kazini, na haikuonekana sababu ya kuwakatiza.

Basi ukaletwa ukurasa wa kutweka tanga na kupakua, wakapewa wagombea mmoja baada ya mwingine, na rangi ya kutilia alama ikawa mate mekundu ya tambuu. Kaa akaanza. Alihesabu maneno kwa gando la kushoto na kukata kwa gando la kulia, na kila lilipofika neno la ishirini alikata, liwe limefika wapi. Hata sentensi iliyoonya kwamba mzigo usishushwe ila kwa idhini ya nahodha ikakatwa kabla ya hiyo ila, ikabaki amri kwamba mzigo usishushwe abadani. (Sentensi niliyoimaliza sasa, lau angalikuwapo, angaliifanya mishikaki.) Akafuata Kinyonga. Penye henza akageuka rangi ya henza akasema sawa, penye ugwe mkuu akageuka rangi ya ugwe mkuu akasema sawa zaidi, na hakutia alama hata moja. Paka walimpenda mno, kwani kilemba cha ukoka ni chepesi kichwani; Kunguru akamkataa, kwa kuwa hakuna mkubwa atakayetoa fedha za ofisi kununua habari kwamba ofisi haina kosa.

Kasuku alipofunguliwa mlango hakusoma, aliushambulia ukurasa. Henza nyekundu, kamba ya tanga nyekundu, ugwe mkuu nyekundu, na juu ya zote tatu akapiga kelele, "Kebo! Kebo!" Nahodha akamwandika rubani, na hali watu wa bahari wanajua kwamba hao ni watu wawili, mmoja ana chombo chake na mwingine hupandishwa tu kuonyesha mkondo. Foromali hakuijua, akaipaka. Deheni hakuijua, akaipaka. Jua lilipotua alikuwa ametia alama nyingi kuliko maneno yaliyokuwamo, kwa maana mengine aliyarudia. Kunguru akapiga mabawa: "Tazameni alivyoyaona! Na sisi tulikuwa tukiishi nayo!" Sungura akalipwa, akaondoka kabla ya isha.

Kobe hakuridhika. Akauleta msahafu wake wa dunia, mashairi ya Muyaka bin Haji, yule bingwa wa Mvita aliyefariki mwaka 1840, akaufungua mbele ya kizimba. Kasuku akaufunika wekundu kutoka ukingo hadi ukingo. Kobe akamtazama Kunguru, akitumaini kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Kunguru akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema, "Kumbe hata Muyaka alikuwa akikosea, na watu wakamnyamazia miaka yote hii."

Hapo mzee akaona hapana budi kusema wazi. "Mimi nilikuwapo," akasema, "walipokutana kisiwani humu humu, Juni 1928, wajumbe wa serikali na wa misheni, na mwanazuoni wa Kijerumani, Carl Meinhof, akiwa kati yao, wakabishana ni lahaja ipi ishikwe katika vitabu vya shule. Kimvita kilikuwa na watetezi wake, Kiunguja kilikuwa na wake, na mwisho kikachukuliwa Kiunguja. Kamati ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Miswada ya vitabu vya shule ikawa inapita mikononi mwake kabla ya kupigwa muhuri, na 1939 kamusi ikatoka. Waliteta kwanza, wakaandika waliyoafikiana, ndipo wakaweka mkaguzi. Sisi wa hapa tungali tukinung'unika, na tuna haki. Lakini tunajua twamnung'unikia nani, na kwa lipi. Huyu ndege wenu ameamua nini, na aliamua lini?"

Katika maneno yote hayo Kunguru alilisikia moja, muhuri. Kesho yake ukachongwa muhuri wa mpingo wenye picha ya kasuku, na ikatangazwa kwamba hakuna karatasi itakayotoka ofisini, iwe mwongozo, barua au hati ya manunuzi, pasipo kusafishwa na Kasuku na kupigwa muhuri ule.

Mwongozo wa kwanza kusafishwa ulikuwa wa kupeleka samaki. Paka wa Kibokoni alikuwa ameandika, kama alivyoandika baba yake, kwamba punda wapakiwe gatini, wapite Ndia Kuu, washushe ghalani. Na Ndia Kuu, kama ajuavyo kila mtoto aliyetumwa dukani, ni ule mtaa unaoanzia karibu na Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ukaingia ndani kati ya nyumba za roshani na milango ya nakshi. Kasuku akaipaka ndia, akaandika njia. Punda wakasoma: wapite Njia Kuu. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Yakhe, si ile yetu ya siku zote?" Wenzake wakamwonyesha muhuri. Wakauliza wapitao njia kuu i wapi, wakaelekezwa kwa adabu: vukeni Makupa, shikeni barabara ya Nairobi. Wakavuka Makupa, wakapita Changamwe, wakapita Miritini, jua likiwapiga utosini na samaki wakianza kusema, na magharibi ikawakuta Mazeras, kwenye vilima, hapana ghala wala bahari, ila watoto waliokuja kuwashangaa na mbwa waliowafurahia kwa dhati.

Walirudi baada ya siku mbili wakinuka, na kesi ikasikilizwa. Kunguru akauweka mwongozo mbele ya Kasuku akamuuliza kama una kosa. Kasuku akautazama, akakuta maneno yake mwenyewe, akanyamaza. "Mmeona," akasema Kunguru, "hapana hata alama moja. Kosa ni la punda." Wakaandikiwa mafunzo ya wiki nzima ya kusoma bila kuulizauliza.

Kuanzia hapo ukabandikwa ukutani ubao wa alama, na kila Alhamisi paka wakapangwa kwa usafi wa kurasa zao. Paka hawaandiki vizuri sikuzote, lakini hesabu ya kuponea wanaijua. Paka wa Kuze aligundua kwamba neno lisiloandikwa halitiwi nyekundu, akaanza kuyaacha majina ya kamba, punda wakasoma, "Vuta." Paka wa Mkanyageni akayaacha majina ya mahali; wakasoma, "Peleka." Paka wa Kibokoni alishikilia henza yake miezi miwili, akawa wa mwisho ubaoni, akahamishiwa stoo kuhesabu magunia. Mwongozo uliopata alama 100 kwa 100 ulikuwa na maneno matatu, "Fanya kazi vizuri," ukatiwa fremu. Chini gatini, matanga yaliendelea kutwekwa kwa sababu mabaharia hawakupata kuusoma mwongozo wowote, na Kunguru akaandika katika taarifa yake ya mwaka kwamba tangu aje Kasuku kazi ya matanga haina malalamiko.

Lililomkera ni samaki tu, kwani kila Jumatatu walikuwa wakienda Mazeras. Akaita baraza. Kobe akasema kwa sauti ndogo kwamba daftari lingalipo, andikeni humo Ndia Kuu ni jina la mtaa lisiguswe, na mkiwa na kalamu mkononi andikeni na henza, mchana haujaisha. Likatolewa. Lilikuwa limelowa na kushikana kurasa, na hakupatikana wa kulishika, sembuse kuliandika. Na isitoshe, akauliza mmoja, tukianza kuandika majina ya kamba, tutaandika la nani? Kimya kikapita. Ndipo Kunguru akaona njia iliyo nyepesi: kama mwongozo unasema njia na mtaa unasema ndia, basi mtaa ubadilishwe. Shauri likapita kwa kauli moja. Wakaitwa kima, mafundi wa mbao na rangi, ikaandikwa hati ya kazi kwamba waende Ndia Kuu na ngazi, wang'oe kibao cha zamani na kupigilia kipya. Hati, kama sheria ilivyotaka, ikapelekwa kwa Kasuku ikasafishwa, ikapigwa muhuri, wakakabidhiwa.

Kima wakaisoma, wakajitwika ngazi, wakavuka Makupa. Changamwe walipishana na punda waliokuwa wakirejea kutoka Mazeras. Wakaamkiana vizuri, wakaulizana hali za nyumbani. Na ijapokuwa punda waliiona ngazi, na kibao kipya, na jina lililoandikwa juu yake, walikuwa wamekwisha kuhitimu mafunzo yao, kwa hiyo hawakuuliza kitu.