Ukiuza Gari Kuukuu, Uza na Habari Zake

Peugeot 504 iliyopo nyumbani kwetu, ile ndefu ya viti vya safu tatu, tuliinunua hapa Kitale kwa mkulima wa mahindi. Kabla yake ilikuwa ya mwalimu, na kabla ya mwalimu ilibeba abiria. Kila mmoja wao aliacha mkono wake ndani: waya hapa, msumari pale, kipande cha bati kule chini. Tumewafahamu kupitia vitu walivyovifunga, na nawaheshimu. Hata hivyo, kuna jambo moja nawadai.

Watu wa Trans Nzoia na Bungoma hawahitaji kuelezwa 504 ni nini. Ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na hapa kwetu ikajijengea jina katika Safari Rally: Ove Andersson alishinda nayo mwaka 1975, Jean-Pierre Nicolas akashinda mwaka 1978. Ziliunganishwa Mombasa, na zile ndefu zikawa teksi za safari za mbali kabla ya matatu za Nissan kuenea. Kisha mapema miaka ya 1990 soko likafunguliwa, magari yaliyotumika kutoka Japani yakamiminika, na polepole spea za Peugeot zikaanza kuadimika. Mwenye 504 akabaki na fundi wake, koleo lake na akili zake.

Sisi matatizo yalitufikia kwa njia ya petroli. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai baridi yake inauma. Gari lilikuwa haliwaki mpaka uvute choki, na hata likifika Kiminini injini bado baridi. Mke wangu, ambaye ndiye anayeshika hesabu za nyumba, alisema wazi: "Baba, hili gari linakula karo ya watoto."

Fundi alipofungua alikuta pale thamostati inapokaa pako wazi. Kifaa hiki kidogo huzuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ifikie takriban nyuzi 80. Kilikuwa kimetolewa kikatupwa. Feni nayo ilikuwa imefungwa. Feni ya 504 ina sumaku ya umeme inayoishika injini ikipata moto na kuiachia ikipoa; yetu skurubu zake zilikuwa zimekazwa hadi ikawa inazunguka wakati wote. Injini haikuwa na nafasi ya kupata joto.

Kwa nini mtu afanye hivyo? Jibu lilikuwa ndani ya rejeta. Tulipoifumua, mifereji ilikuwa imeziba kwa uji mgumu wa manjano: unga wa mahindi na bizari. Madereva wa zamani wanaijua dawa hiyo. Rejeta ikitoboka njiani, unatia unga, unavimba, unaziba tundu, unafika nyumbani. Lakini unga hauchagui tundu. Uliziba na njia za maji, gari likaanza kuchemka. Alipokuja wa pili, akaona linachemka, akatoa thamostati. Likapungua kuchemka lakini halikuacha, wa tatu akaifunga feni. Tundu moja lilizaa marekebisho matatu, na kila aliyerekebisha alikuwa akitibu dawa ya mwenzake bila kujua.

Hayo yalikula fedha tu. Yaliyofuata yangeweza kula watu.

Desemba tulikuwa tukimpeleka mama Bungoma kwenye mahari ya mpwa wangu. Nyuma kulikuwa na watoto, kuku wawili waliofungwa miguu na mkungu wa ndizi. Tulipokaribia Kamukuywa, mama akasema ananusa raba inayoungua. Kabla sijajibu, moshi ukatoka chini ya dashibodi. Nikasimama kando, mke wangu akawashusha watoto, nami nikafungua boneti niing'oe waya ya betri.

Haikung'oka. Kichwa cha betri kilikuwa kimelegea miaka iliyopita, na mtu akapigilia msumari wa inchi tatu kati ya kichwa na kishikio ili umeme upite vizuri. Msumari ulikuwa umeshika kutu. Nilivuta kwa mkono, nikavuta kwa spana, moshi unazidi. Mama ndiye aliyesema, kwa utulivu wa mtu aliyekuza watoto: "Mwanangu, piga kwa jiwe kutoka chini." Nikapiga. Msumari ukaruka, umeme ukakatika, moshi ukapungua mpaka ukaisha.

Kwenye gereji mjini Bungoma tuliona chanzo. Fyuzi moja ilikuwa imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Kazi ya fyuzi ni kufa kabla ya waya. Waya wa taa za nyuma ulikuwa umechubuka chini ya zulia na kugusa bodi, na fyuzi nzima ingeungua papo hapo ikatuachia taa zisizowaka. Karatasi ile haikuungua, ndipo waya ukaungua badala yake. Karatasi peke yake ilikuwa hatari. Msumari peke yake ulikuwa usumbufu. Vilipokutana, vilikaribia kutuchomea gari.

Siku hiyo mke wangu alinunua daftari. Yeye na binti yetu mkubwa walikaa na fundi, wakaandika kila alichokikuta: bati la kopo la Kimbo lililozungushwa kwenye bomba la moshi, herufi zikisomeka bado, kabari ya mti inayoshikilia kioo cha mlango, sabuni iliyopakwa kwenye mshono wa tangi la petroli. Sabuni tuliitoa, tangi likachomelewa. Kiti cha dereva kilikuwa kimesukwa chini kwa vipande vya tyubu, na kazi ile ni safi kuliko springi za kiwandani. Hicho tumekiacha, nacho kimeandikwa.

Baadaye nilimtembelea mkulima aliyetuuzia. Hakuficha. Alisema feni aliifunga msimu wa mavuno, foleni ya magunia ikiwa ndefu kwenye bodi ya nafaka na gari likichemka limesimama. Mahindi yalikuwa yakinyeshewa. Nisingemlaumu, ningefanya vivyo hivyo. Ninachomdai ni sentensi moja siku ya mauzo: "Feni nimeifunga mwenyewe." Ingetosha.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji, kama una gari la zamani na unataka kuliuza, keti jioni moja uandike yote uliyoyafunga, uliyoyatoa na uliyoyaziba, kisha ukabidhi karatasi hiyo pamoja na ufunguo. Haitashusha bei ya gari kwa mnunuzi mwenye akili. Na wewe unayenunua, kabla ya kuhesabu pesa uliza mambo matatu: thamostati ipo? Fyuzi ni fyuzi kweli? Betri inafunguka kwa mkono? Muuzaji akisitasita, mlete fundi kwanza.