YAH: Maombi ya Kuajiriwa Kama Bwawa la Majitaka

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakusalimu kwa heshima zote na kukuombea afya njema, wewe na familia yako, na zaidi nawaombea choo kinachoshuka. Mimi ni mteja wako wa nyumba ya mwisho bondeni, yule wa chemba iliyo chini ya ukuta. Ukiuliza hapo ofisini watanikumbuka. Tangu masika yaanze nimeshapewa namba za taarifa sita. Nazitunza kwenye daftari moja na michango ya harusi, maana zote ni ahadi.

Juzi saa tano usiku choo kilianza kukoroma. Sisi wa bondeni tunaijua sauti ile: mkoromo, kimya, halafu povu moja kubwa, bwoi, kama mtu aliyezama anatafuta la kusema. Nikawasha taa ya bafuni. Kwenye tundu la sakafuni maji meusi yalikuwa yanapanda polepole, kama mgeni aliyekwisha kuamua kulala. Yakaja na punje za mahindi. Mheshimiwa, kwangu hatujapika makande tangu mwezi uliopita. Yale yalikuwa makande ya nyumba ya juu, na nyuma yake yakafuata majani ya chai ya nyumba nyingine, na kipande cha dodoki ambacho mwenyewe simjui. Bomba limeziba kule barabarani, mbele yangu, kwa hiyo nyumba 14 zikiflashi, tundu lililo chini kuliko yote ni la kwangu. Nawajua majirani zangu sasa kuliko daktari wao.

Nikapiga simu. Dada wa huduma kwa wateja akaniuliza, kwa upole wake wa siku zote: "Chemba iko ndani ya uzio au nje?"

Vijana wako walishakuja kulipatia jibu swali hilo mwezi wa nne, na tepu. Mfuniko wa chuma ulikwishaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu zamani, huu uliopo ni wa zege, nimeusuka mwenyewe, na umekaa nusu huku nusu kule. Wakapima. Ndani sentimita 32, nje sentimita 28. Mmoja alisoma, mwenzake akaandika, wakanitangazia kwamba tatizo ni la mteja. Gari likaondoka na fimbo zake kavu. Kilichokuwa kimesimama katikati ya chemba hakikupimwa.

Nikamwita fundi wa mtaani. Akaingiza fimbo zake, akasukuma, mita 11 nje ya geti langu zikagota. Alichovuta huko ni mchanga wa mafuriko, nepi, na mafuta ya kukaangia yaliyoganda meupe kama mche wa sabuni. Nikapiga picha nikawatumia. Alama mbili za buluu. Kimya. Baada ya siku tisa bomba likaziba tena, maana fundi wa mtaani hana gari la kusafisha njia nzima. Gari hilo mnalo ninyi, na nimeambiwa halina mafuta.

Ndiyo sababu naomba ajira.

Mheshimiwa, nimejisomea habari za mabwawa ya majitaka, na sifa zote ninazo. Bwawa la kwanza hutakiwa liwe na kina, lisiwe na hewa, ili mashapo yatuame chini na bakteria wayale. Uani nina shimo la msingi wa chumba nilichokusudia kupangisha. Lina kina cha mita moja na nusu, limejaa, na hewa hakuna kabisa, muulize yeyote anayepita. Bwawa la pili hutakiwa lipate jua ili mwani uote na kuyapa maji oksijeni. Huo ni uwanja wa jirani yangu, mjane, na mwani umeshaota wenyewe bila zabuni. La tatu liwe la kina kifupi, jua liue vijidudu vilivyobaki. Hiyo ni barabara yetu, maji ya kifundo cha mguu, jua la saa sita. Bata watatu wamekwisha kuripoti kazini.

Kinachopungua ni kibao na barua ya uteuzi. Cheo naachia hekima yako, ila nisingependa kuanza chini ya Bwawa Daraja la Pili, kwa kuzingatia uzoefu. Naomba buti. Naomba pensheni. Naomba siku 28 za likizo ya mwaka kama sheria ya kazi inavyosema, na nikiwa likizoni, kaimu bwawa iwe sebule yako. Usaili unaweza kufanyika hapa hapa nyumbani, wadhamini wangu ni nzi. Wanafika wenyewe, hawahitaji posho ya safari.

Kuhusu mshahara, tusisumbuane. Ankara yangu ya kila mwezi ina mstari wa majitaka, unaohesabiwa kutokana na yuniti za majisafi. Majisafi huja Jumanne na Ijumaa. Majitaka hayajawahi kukosa siku. Basi ninyi mnanitoza kwa kuyaondoa, nami nitawatoza kwa kuyapokea, na mkichelewa kulipa nitawasitishia huduma bila taarifa: nalimwagia zege tundu la bafuni, yapande nyumba inayofuata, na inayofuata, hadi yafike huko juu mnakokaa.

Mama yangu ana miaka 78. Alikuja kwangu kutibiwa macho. Anaoga amesimama juu ya matofali mawili, mkono mmoja ukutani. Wiki iliyopita tofali liliteleza akakaa chini, ndani ya kitu kile. Nilimwogesha uani usiku kwa ndoo nne, amejitanda kanga, na hakusema neno. Asubuhi akaniomba nauli. Akasema choo chake cha shimo kule kijijini hakijawahi kumfuata ndani.

Hamna haya? Hela yetu mnaipokea, bomba ni lenu, barabara siyo yangu, halafu mnakuja kupima mfuniko kwa tepu! Kipindupindu cha 2015 kilianzia Dar es Salaam kikatembea mikoani, kikazika watu, na hakikumwuliza yeyote kama chemba iko ndani ya uzio au nje.

Samahani, Mheshimiwa. Nimepandisha. Tuendelee.

Yapo na madogo madogo. Fundi wako mmoja alisahau tepu kwangu, aifuate. Ule wimbo wa kusubirisha kwenye simu mbadilishe, mwanangu sasa anauimba shuleni. Na kikao kijacho cha bodi naomba kifanyike barazani kwangu. Kiangazi cha 1858 mto Thames ulinuka mpaka mapazia ya Bunge la Uingereza yakalowekwa dawa ya chokaa na klorini, na sheria ya kuisafisha London ikapita kwa siku 18 tu. Wale hawakuwa na huruma kuliko ninyi, ila dirisha lao lilikuwa linatazama mtoni. Viti nitaazima msikitini. Mapazia nitayaloweka mwenyewe.

Ningependa kuandika zaidi, lakini choo kimeanza kukoroma.

Wako mtiifu,
Bwawa Na. 1 (linalosubiri kuthibitishwa kazini)

Nakala:
Dada wa huduma kwa wateja: chemba bado iko pale pale.
Nyumba ya juu: makande yenu hayaivi.