Juu ya Kununua Shangingi Lililotumika, kwa Mkazi wa Muleba

Gari la kifahari lililotumika, kwa maana inayohusika hapa, ni gari la injini kubwa linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, lililoundwa kwa ajili ya tajiri wa nchi nyingine, likatumiwa na tajiri huyo mpaka dhamana ya kiwanda ilipokwisha, kisha likaanza kushuka bei hatua kwa hatua hadi likamfikia mtu ambaye, kwa mapato yake halisi, angestahili pikipiki. Nchini Tanzania magari ya namna hiyo huitwa mashangingi, jina lililozoeleka kwanza kwa Toyota Land Cruiser VX za viongozi, na ambalo siku hizi hubebwa pia na Range Rover, Discovery, Lexus na wenzao. Swali la kama mkazi wa Bukoba au Muleba, mkoani Kagera, anunue gari hilo ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu anayeliuliza mara nyingi huwa amekwisha kulijibu, na anachotafuta kwa ndugu, marafiki na mafundi si ushauri bali mashahidi.

Kishawishi huanzia kwenye bei. Gari la kifahari hupoteza thamani upesi, kwa kuwa mwenye uwezo wa kununua jipya halitaki la zamani, na asiye na uwezo huliogopa, hivyo shangingi lenye umri wa miaka kumi na mitano huweza kuuzwa Japani kwa bei inayokaribiana na ya kigari kidogo cha juzi. Kinachosahauliwa ni kwamba Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, haiamini furaha ya mnunuzi wala risiti yake, bali hutumia makadirio yake yenyewe ya thamani, na juu ya makadirio hayo huweka ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000, ushuru wa uchakavu, yaani adhabu ya uzee, ambao kwa gari lililopita miaka 10 ni asilimia 30, na mwisho Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 inayotozwa juu ya jumla ya hayo yote. Gari lililokadiriwa kuwa na thamani ya shilingi milioni 20 bandarini litadaiwa zaidi ya milioni 21, bila kuhesabu tozo ndogondogo, na kwa hesabu hiyo mnunuzi huwa amelipia magari mawili akakabidhiwa moja. Kenya huyazuia kabisa magari yaliyozidi miaka 8, na Uganda ilifunga mlango kwa yaliyozidi miaka 15 mnamo mwaka 2018. Tanzania haikufunga, ila imeweka mtoza kiingilio mlangoni.

Mkazi wa Kagera ana kishawishi cha ziada, nacho ni mpaka wa Mutukula, ambako hazikosi habari za gari la Kampala la bei ya kutupa, lenye namba za Uganda, na ambalo karatasi zake "zinashughulikiwa". Gari la namna hiyo halimilikiwi, hufichwa tu, na ni vigumu kulificha gari lenye urefu wa karibu mita tano katika kijiji ambacho kila mtu anajua idadi ya mbuzi wa jirani yake.

Kwa hiyo wengi huangukia kwenye gari ambalo tayari lina usajili wa Tanzania, na ambalo mtaani hutambulishwa kwa herufi ya usajili wake: namba C ni la kale, namba D lina heshima kidogo, namba E husimamisha mazungumzo. Herufi hiyo, hata hivyo, hueleza gari lilisajiliwa lini nchini, haielezi lilitoka kiwandani lini, na shangingi la mwaka 2003 lililochelewa kuvuka bahari huweza kuvaa namba E bila haya yoyote. Fedha za kulinunulia hutoka kwenye kiinua mgongo cha mstaafu, au kwenye kahawa, na mwenye haraka zaidi huuza kahawa yake kwa butura, utaratibu wa kuuza zao likiwa bado ua mtini kwa bei ya chini sana, utaratibu ambao serikali imeukemea miaka nenda miaka rudi na ambao haujawahi kukosa wateja. Kuhusu wanaothubutu kukigusa kibanja, yaani shamba la migomba la ukoo, kwa ajili ya gari, inatosha kusema kwamba kikao chao cha familia huwa kirefu na hakiandaliwi chai.

Hapo huingia dalali, yaani mtu anayelipwa na muuzaji ili awe rafiki wa mnunuzi. "Mzee wangu, hili lilikuwa la bosi mmoja Dar, anaendea ofisini na kanisani basi," husema, akisahau kwamba kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba ni kilomita zipatazo 1,400, na kwamba gari halikuja kwa kubebwa mgongoni. Majaribio hufanyika mjini, kutoka stendi hadi ufukweni mwa ziwa, kwenye lami tambarare, kiyoyozi kikiwa kimewashwa na redio ikiwa juu ili kuficha sauti nyingine zozote. Jaribio la haki lingekuwa kupanda na gari hilo kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu, kona baada ya kona, likiwa na watu saba na mikungu kadhaa ya ndizi, lakini hakuna dalali anayejulikana kuwahi kulipendekeza.

Sehemu ya gari inayostahili kutazamwa kwa makini kuliko zote ni ile isiyoonekana. Range Rover ilipoanza kuuzwa mwaka 1970 ilikaa juu ya springi za chuma. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 ikaanza kupewa springi za hewa, yaani mifuko minne ya mpira, mmoja kwa kila gurudumu, inayojazwa upepo na kompresa ndogo ya umeme kwa amri ya kompyuta, huku vihisio vikipima kila mara gari limeinuka kiasi gani. Mfumo huo hulifanya gari lielee juu ya mashimo, na huweza hata kulishusha likisimama ili abiria wapande bila taabu. Ubaya wake ni kwamba mpira huzeeka, hupasuka nyufa ndogo, na katika mkoa ambao mvua yake ni nyingi na udongo wake mwekundu hugeuka uji kwa saa moja, nyufa hizo hazikosi kichokoo. Upepo huvuja usiku kucha, na alfajiri mmiliki akifungua mlango hulikuta gari limeinamisha pembe moja ya mbele hadi karibu na ardhi, kama mkamwana wa Kihaya anayepiga magoti kumwamkia baba mkwe. Tofauti ni kwamba mkamwana akiitikiwa huinuka.

Kwa siku za mwanzo mmiliki huwaeleza majirani kwamba gari limeundwa hivyo kwa ajili ya wazee, maelezo ambayo, kama ilivyokwisha kuonekana, yana ukweli nusu. Kompresa nayo, ikilazimika kujaza asubuhi kile kilichovuja usiku, huchoka na kuungua, na ndipo inapofahamika kwamba kompresa nyingine haipo Muleba, haipo Bukoba, Mwanza huenda ipo, Dar es Salaam ipo kwa bei ya ng'ombe wawili, na kwamba duka lenye matumaini zaidi liko Kampala, katika soko la Kisekka, kilomita zipatazo 300 tu kutoka Bukoba, yaani karibu kuliko Dar mara nne na zaidi. Wapo wanaoifuata huko. Wengi humwachia fundi wa mtaani, ambaye hung'oa mifuko yote minne, akaweka springi za chuma za gari jingine alizozikata na kuzichomea mwenyewe, na gari husimama imara kuliko lilivyowahi kusimama, isipokuwa taa ya njano kwenye dashibodi haikubali kuzimika. "Hiyo haina shida, mzee, ni mapambo," husema fundi, akiifunika kwa kipande cha tepu nyeusi ya umeme. Kuna mashangingi ambayo dashibodi zake zina tepu nyingi kuliko taa, na wamiliki wake ni watu wenye amani.

Umeme wa magari hayo una tabia nyingine ya kupendeza, kwa kuwa mengi hufika kutoka Japani yakiwa na mwanamke ndani ya dashibodi anayeongea Kijapani kila gari linapowashwa. Anachokisema kwa kawaida ni kwamba kadi ya kulipia barabara za tozo za Japani haijawekwa kwenye kifaa chake, habari isiyo na umuhimu wowote kwa mtu anayekwenda Nshamba, lakini sauti yake ni ya upole mno, na bibi aliyepandishwa kwenye gari hilo kwa mara ya kwanza huitikia "ee, waitu", kwa kuwa kutomwitikia mtu aliyekusalimia kwa adabu ni utovu wa malezi. Kwa upande wake Discovery 3, iliyotoka mwaka 2004, ilileta kitufe cha kuzungusha ambacho huiambia kompyuta gari liko kwenye ardhi ya aina gani: kuna alama ya matope, ya mchanga, ya miamba, na alama moja ya nyasi, changarawe na theluji. Theluji haijawahi kuanguka Muleba tangu ziwa liwepo. Watoto hata hivyo hukizungusha kitufe hadi kwenye alama hiyo kila wanapoachwa ndani ya gari, na baba yao hushangaa kwa nini siku hiyo gari limekuwa zito kuondoka.

Mafuta yanaweza kuelezwa kwa ufupi, kwa kuwa hayana ucheshi. Injini ya silinda nane yenye umri huo hunywa, katika hali nzuri, lita 18 hivi kwa kilomita 100. Kwenda Bukoba kutoka Muleba na kurudi ni kilomita zipatazo 140, yaani lita 25, na kama lita ni shilingi 3,000, safari ya kwenda kuonyesha kitambulisho benki imegharimu shilingi 75,000 kabla ya soda. Bei kikomo ambazo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi huwa juu zaidi Kagera kuliko bandarini, kwa sababu mafuta nayo husafiri. Zaidi ya hayo, ada ya leseni ya mwaka ya magari ilipofutwa mwaka 2017, mzigo wake ulihamishiwa kwenye bei ya lita, jambo lililompendeza mwenye gari dogo na ambalo mwenye shangingi alilishangilia pia bungeni lilipopitishwa, bila kupiga hesabu.

Kisha kuna majira ya senene. Senene, panzi wanaoliwa na kuthaminiwa mkoani Kagera kuliko nyama ya aina yoyote, huja kwa wingi hasa miezi ya mwisho wa mwaka, usiku, baada ya mvua, na hufuata mwanga mkali. Hakuna mwanga mkali kijijini kuliko taa za shangingi. Kwa hiyo jirani huja na ombi dogo kwamba taa ziachwe zikiwaka kidogo tu kuelekea ukuta mweupe wa nyumba, watoto hutokea na ndoo, wanawake hufika na mifuko, wageni wa wageni hujiunga, na kufikia saa tano usiku ndoo zimejaa na betri imekwisha. Gari la giaboksi ya otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa, tofauti na pikapu ya parokia, na ufunguo wake wa kielektroniki, ukikosa wa kuusikiliza, hubaki kipande cha plastiki. Asubuhi rejeta hukutwa imeziba kwa senene waliokosa ndoo. Kwa haki ni lazima iongezwe kwamba senene hao ndio faida ya kwanza, na mara nyingi ya mwisho, ambayo gari hilo huiingizia familia.

Gharama isiyomo katika kikokotoo chochote ni ile ya kuonekana. Mwenye shangingi hauziwi mkungu kwa bei ya mwenye baiskeli. Kadi yake ya mchango wa harusi huja na kiasi kilichokwisha kuandikwa. Gari lake hutajwa kwenye kikao cha kamati kuwa gari la maharusi kabla yeye mwenyewe hajapewa taarifa. Na ibadani, mnada wa mazao ya sadaka unapoanza, jogoo mmoja hupandishwa bei na macho ya waumini wote kumgeukia yeye, mpaka anakwenda nyumbani na kuku wa shilingi 60,000. Anayeendesha mchomoko, yaani Probox inayobanana na abiria kuelekea Kemondo, hununua jogoo kama huyo kwa bei ya jogoo.

Hukumu, basi, inagawanyika. Kwa mkazi wa Bukoba mjini ambaye safari zake ni za lami, mwenye shamba linalolipa na ndugu Kampala, gari hilo linawezekana. Kwa mkazi wa Muleba jibu ni Prado yenye springi za chuma, au Land Cruiser mkonga kama zile za hospitali, ambazo kila fundi kuanzia Kyaka hadi Biharamulo anazijua kwa kupapasa gizani. Atakayeng'ang'ania shangingi na asilinunue Desemba, wakati waliorudi kwa Krismasi wamepandisha bei kwa macho yao tu. Asubiri Januari, ada za shule zinapowabana wauzaji. Na akilipata, asilipe jioni. Amwombe muuzaji gari lilale nje usiku mmoja, aje kulitazama alfajiri kabla halijawashwa, akiwa na fundi wake mwenyewe na bila dalali.