Hesabu ya Mbwa wa Bure

Mbwa wa bure ni mbwa anayepokewa bila senti na kufugwa kwa noti. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, mbwa wengi huingia nyumbani kwa njia hiyo: mbwa jike wa jirani amezaa, watoto sita wanalia chini ya ghala, na mwenye nyumba anamsimamisha kila apitaye. “Chukua mmoja, ndugu yangu, huyu ni wa bure kabisa.” Mtoto wa mbwa hutiwa kikapuni, kichwa kikabaki nje, akapakiwa kwenye bodaboda kutoka Nkwenda hadi Kaisho. Nauli ndiyo gharama ya kwanza. Ya pili ni sabuni ya kufulia koti la dereva, kwa kuwa mtoto wa mbwa hajawahi kupanda pikipiki na tumbo lake halijakubali.

Jina halilipiwi, ila lina athari zake. Wapo wanaochagua Simba au Popi, na mambo yakaishia hapo. Wapo wanaochagua fumbo, kama vile Watasemaje, ili jirani asikie na ajijue. Jina la namna hiyo huitwa kwa sauti kubwa kila jioni, na jirani husikia kweli. Faida yake huonekana baadaye, siku ya kesi.

Chakula ndicho kifungu kikubwa katika hesabu. Mpango wa awali huwa ni makombo: watu watakula ndizi na maharage, mbwa atamalizia. Kasoro ya mpango huu ni kwamba nyumba yenye watoto watano haina makombo. Sufuria hurudi jikoni imefutwa kwa vidole. Hapo ndipo mbwa anapoanza kupikiwa chake. Akila nusu kilo ya unga kwa siku, kwa mwaka amekula kilo 182 na nusu, yaani anakaribia magunia mawili ya kilo mia, na hajashika jembe hata siku moja. Ugali mkavu nao haukubali, hivyo huongezewa dagaa wa Ziwa Victoria. Mbwa huchambua dagaa mmoja mmoja kwa ustadi wa mchambua maharage, akauacha ugali kuku waudonoe. Ikifika tarehe 25, kabla mshahara haujatoka, dagaa walionunuliwa kwa ajili ya mbwa huliwa na baba mwenye nyumba, na mbwa hukaa mlangoni akimtazama kama mwenye mali.

Baada ya chakula huja makazi. Fundi huitwa, mabanzi na kipande cha bati hununuliwa, misumari ikaazimwa isirudi. Banda hukamilika kwa siku mbili, na mbwa hulikagua kwa kulikojolea pembe zote nne. Halafu huenda kulala juu ya kahawa. Msimu wa mavuno, kahawa ya robusta huanikwa juani kwenye uwanja wa nyumba, na hakuna godoro linaloshinda buni zilizopata jua tangu asubuhi. Chama cha msingi kinataka kahawa kavu na safi. Kahawa iliyolaliwa na mbwa ni kavu, hilo halina ubishi. Usafi wake hupatikana kwa kumweka mtoto mmoja na fimbo mchana kutwa, na mtoto huyo naye hudai andazi.

Matibabu ni sehemu isiyo na mzaha sana. Kupe, viroboto na minyoo huja bila mwaliko, na kila kimoja kina dawa yake dukani. Juu ya hayo yote kuna chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo mtoto wa mbwa huipata anapofikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba watu wanaopata ugonjwa huu huambukizwa na mbwa katika visa hadi asilimia 99, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Aliyeng'atwa anatakiwa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi kituo cha afya kwa mfululizo wa sindano. Mwenye mbwa aliyekwepa gharama ya chanjo hujikuta analipia sindano za jirani, nauli za kwenda na kurudi, pamoja na soda ya kumtuliza. Hata kuchanjwa kwenyewe kuna hasara zake: siku ya kampeni, mbwa huvutwa kwa kamba ya katani hadi uwanjani, hukutana na maadui wake wote wa kijiji kwa mpigo mmoja, na suruali ya mwenyewe ndiyo hurudi imechanika.

Fidia hustahili kuelezwa kwa kirefu, maana hapo ndipo uchumi wa mbwa unapojulikana. Kuku akiwa hai huitwa kuku tu. Akishaliwa na mbwa hupanda cheo. Shauri hupelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, na mlalamikaji huja na manyoya ndani ya kiroba kama kidhibiti. “Mzee mwenyekiti, huyu alikuwa anataga kila siku. Hata sikukuu.” Mwenye mbwa hujitetea kwamba mbwa wake hajui kuku wana ladha gani. Mbwa mwenyewe wakati huo amejilaza chini ya benchi, unyoya mmoja umemganda puani. Kisha hesabu hufanywa: kuku, mayai aliyokuwa ayatage, vifaranga ambao wangetoka humo, na mitetea ambayo vifaranga hao wangekuwa. Mlalamikaji akiwa ndiye aliyelengwa na jina la Watasemaje, vizazi vya kuku huongezeka. Mwenyekiti hupunguza hesabu hadi kuku wawili, na pande zote mbili huondoka zimeonewa.

Uzazi hurudisha mzunguko mwanzo. Mbwa jike hubeba mimba siku 63 hivi, na baba wa watoto hajulikani. Huko Murongo, ambako daraja la mto Kagera linaunganisha Kyerwa na Kikagati ya Uganda, huenda hata uraia wa baba usijulikane. Watoto sita huhitaji wapokeaji sita, na kitongoji kizima tayari kimeshajifunza.

Paka huonekana nafuu, kwa kuwa ameajiriwa rasmi kulinda maharage ya ghalani dhidi ya panya. Ni kweli, hadi ufike msimu wa senene. Mama hukesha akinyonyoa mbawa na miguu, huwakaanga, huwafunika kwa sinia kwa ajili ya mgeni wa kesho. Asubuhi sinia lipo, senene hawapo, na panya anapita sebuleni kwa mwendo wa kawaida. Paka mmoja mwenye shibe hubadilisha ratiba ya mapokezi ya ukoo mzima.

Tangu Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, haya yote si hiari: mwenye mnyama anatakiwa kumpa chakula, maji, makazi na matibabu. Wanyama wa Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, zilizofanywa hifadhi za taifa mwaka 2019, wana serikali ya kuwaangalia. Mbwa wa Nkwenda ana mwenyewe tu. Mifugo pekee ya Karagwe inayojulikana kutokuwa na gharama ya malisho ni ng'ombe wadogo wa chuma waliokuwa wakihifadhiwa Bweranyange miongoni mwa vifaa vya ufalme wa Karagwe. Hawakula, hawakuumwa, na hakuna kumbukumbu ya kuku aliyeuawa nao.

Upande wa mapato una mistari miwili. Mbwa hubweka usiku, hasa baba mwenye nyumba anaporudi kutoka kwenye pombe ya rubisi, na hivyo hakuna atakayedai kwamba alirudi mapema. Mstari wa pili huandikwa akishakufa: huzikwa shambani kwenye shina la mgomba, na mgomba huo hunenepa kuliko yote. Mkungu wake wa kwanza huiva vizuri sana. Huo hupelekwa kwa jirani, kwa sababu kuku mmoja kati ya wale wawili hajalipwa hadi leo.