Asilimia Mia Moja ya Nini?

Jamani, hivi hizi asilimia za kozi za mtandaoni huwa zinapima nini? Maana dogo mmoja wa bodaboda hapa kijiweni kamaliza kozi ya hesabu za biashara huku anacheza drafti. Simsingizii. Video inaongea peke yake juu ya benchi, spidi mara mbili, mwenyewe yuko bize na vizibo anamla muuza kahawa. Mstari wa kijani unatambaa tu: 60, 75, 90. Likija jaribio anabonyeza A, ikiwa nyekundu anabonyeza B, mpaka kijani kitoke. Juzi kaja na cheti, kakiprinti kwa rangi pale steshenari na kukitia plastiki.

Fundi simu, ambaye sifa za watu humkera, akamtupia swali: shati la 40,000, punguzo asilimia 15, mteja analipa ngapi? Dogo akatuonesha cheti tena. Kijiwe kizima kikasonya.

Msonyo wangu mimi nauelekeza kwa wenye kozi. Swali la shati lina mambo matatu ndani yake: kujua kwamba asilimia 15 ni 15 juu ya 100, kuzidisha sehemu kwa namba nzima, halafu kutoa. Dogo kakwamia lipi? Tulipomhoji taratibu, robo ya elfu nane aliitaja hata kabla hatujamaliza kuuliza. Pesa anaijua, humpunji hata mia mbili. Ila 15 juu ya 100 ikamtoa jasho. Kumbe tatizo ni sehemu, darasa la chini kabisa, na kozi haikuwahi kumuuliza. Kozi iliyochorewa ramani ya stadi inafunga kila swali kwenye stadi yake, na inajua stadi ipi inaitangulia ipi. Mtu akikosa asilimia mara kadhaa, haimrudishii video ileile. Inashuka kumpima sehemu.

Na msiniambie ujuzi huo haupo. Katikati ya miaka ya 1990 Albert Corbett na John Anderson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walishatoa hesabu ya kumfuatilia mwanafunzi stadi kwa stadi. Uzuri wake, haiamini jibu moja. Inakadiria: alikuwa anajua tangu mwanzo? Kuna uwezekano gani kwamba kajifunza hapa hapa? Kabahatisha? Au anajua ila kateleza? Kwenye swali la majibu manne, asiyejua kitu ana nafasi moja kati ya nne. Mruhusu abonyeze mpaka kijani, anazipata zote nne. Ndiyo maana mfumo makini unahesabu lile jibu la kwanza.

Vyeti navyo vinatudanganya kwa upande wa pili. Kwenye kozi 17 za mwanzo za vyuo vikuu vya Harvard na MIT katika edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, kati ya 2012 na 2013, usajili ulifika 841,687, vyeti vikatoka 43,196. Watu wakacheka: asilimia tano tu! Lakini katika usajili huo, 35,937 walifungua nusu ya kozi au zaidi bila cheti chochote. Pengine mmoja wao alifuata sura za kumsaidia kazini, akazielewa, akaondoka zake. Huyo kwenye hesabu za vyeti ni mtoro, na dogo wetu ni mhitimu. Nyoo!

Kuhesabu dakika za video ni rahisi, kompyuta inafanya yenyewe. Kuchora ramani kunataka mwalimu akae na swali mojamoja, aulize linapima nini, na likikosewa na wengi, alitilie shaka hata swali lenyewe. Kazi hiyo inakula muda na hela, na hakuna mteja anayeiona kwenye tangazo.

Fundi simu kachukua simu ya dogo, kamtafutia somo la sehemu, la bure, kamrudishia. Dogo kaangalia kioo, kakuna kichwa.

"Bro, hii nayo inatoa cheti?"